Uzi: Zebaki yasoma 1017.5, simu 1008.6, uwanja wa ndege 1011. Niandike ipi?

#1 MizaniTudor
Salaam wanajamvi. Swali la maabara. Leo saa nne na dakika kumi asubuhi, kisiwani Mombasa, vyombo vitatu vimetoa presha tatu za hewa:

Barometa ya zebaki aina ya Fortin, ya ukutani: mm 763.2. Ukizidisha kwa 1.3332 yatoka hPa (hektopaskali) 1017.5.
Simu, kihisi chake cha ndani (si programu ya hali ya hewa ya intaneti): hPa 1008.6.
Ripoti ya uwanja wa ndege wa Moi ya saa nne kamili: Q1011.

Chumba ni nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Birika la zebaki liko mita 17 juu ya usawa wa bahari. Kazi yenyewe ni kukagua flaski za ujazo kwa kupima uzito wa maji yaliyomo, na fomula yataka densiti ya hewa. Pengo la hPa 9 baina ya zebaki na simu halivumiliki. Mimi nasema barometa imekufa. Wapo wanaosema zebaki haisemi uongo, simu ndiyo itupwe. Mwaonaje?

#2 Kasha_la_Zana
Mombasa ni pwani, usawa wa bahari. Andika 760 ukalale.

#3 KusiNaKaskazi
#2, hiyo 760 ni namba ya makubaliano (hPa 1013.25). Hakuna aliyeipima hapa leo. Kusi likivuma Julai na Agosti presha yetu huwa juu kwa hPa chache kuliko wakati wa Kaskazi. Na ndani ya siku moja tu yapanda na kushuka karibu hPa 3, mara mbili, kwa saa zilezile: saa nne asubuhi juu, saa kumi jioni chini, saa nne usiku juu, saa kumi alfajiri chini. Kwa saa zetu za Kiswahili hata mtoto atakariri: nne juu, kumi chini, mchana na usiku. MizaniTudor amesoma kileleni kabisa.

#4 Bi_Zebaki
Barometa si mbovu. Umesoma urefu wa chuma kioevu ukauita presha. Mm 763.2 ni urefu tu. Hauwi presha mpaka utolewe masahihisho mawili, na kwa Mombasa yote mawili yanapunguza.

Kwanza joto. Milimita ya zebaki katika majedwali ni ya zebaki iliyo nyuzi 0. Yako iko nyuzi 30, imetanuka, imekuwa nyepesi, kwa hiyo nguzo yasimama juu zaidi kuliko inavyostahili. Zebaki hutanuka 0.0001818 kwa kila nyuzi, na kipimo cha shaba nyeupe chenyewe hutanuka 0.0000184, hivyo shaba yakurudishia kidogo. Kwa nyuzi 30 na nguzo ya 763.2 unatoa mm 3.72. Yabaki 759.48.

Pili mvutano wa dunia. Majedwali yamejengwa juu ya 9.80665. Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya Ikweta, usawa wa bahari, ambako mvutano ni karibu 9.7806. Zebaki ile ile hapa ina uzito mdogo kwa asilimia 0.27, basi nguzo yarefuka. Toa mm 2.02. Yabaki 757.46.

757.46 × 1.33322 = hPa 1009.9.

Kutoka 1017.5 hadi 1009.9, bila kugusa skrubu hata moja. Karibu hPa 8 zote zilikuwa za joto na Ikweta. Vyombo hivi vilibuniwa na watu wa nchi za baridi, na jedwali la masahihisho lililobandikwa ukutani mara nyingi laishia nyuzi 25.

#5 MizaniTudor
Ahsante Bi_Zebaki. Jedwali lililopo laishia nyuzi 25 kweli. Lakini 1009.9 si 1011, wala si 1008.6.

#6 Rubani_wa_Karatasi
Ya uwanja wa ndege ni rahisi. Q maana yake QNH: presha iliyoteremshwa hadi usawa wa bahari, rubani aiweke kwenye altimita. Uwanja wenyewe uko futi 200, kama mita 61, kwa hiyo presha halisi pale ni ndogo kuliko hiyo kwa takriban hPa 7. Usiseme "Moi wamepima 1011".

Sasa teremka kutoka kwa birika lako hadi baharini. Kwa joto letu mita 9 ni kama hPa 1, hivyo mita 17 ni hPa 1.9. 1009.9 + 1.9 = 1011.8. Na QNH huandikwa namba nzima, sehemu ya desimali hukatwa, haikaribishwi juu. 1011.8 yaandikwa 1011. Yaani zebaki iliyosahihishwa na uwanja wa ndege hawana ugomvi wowote. Simu ndiyo mgeni.

Na chunga saa. Ripoti zimeandikwa kwa saa ya Z, yaani saa ya Greenwich. Saa nne asubuhi yetu ni 0700Z. Wengi huchukua ya 1000Z wakidhani ndiyo saa nne, kumbe ni saa saba mchana, presha ishaanza kuteremka.

#7 Kasha_la_Zana
Mimi nilisema 760, Bi_Zebaki kapata 757. Tofauti ya milimita mbili na nusu! Nisifiwe basi.

#8 Bi_Zebaki
Hata saa iliyosimama hupatia mara mbili kwa siku. Yako ingepatia mara nne, kwa mujibu wa #3.

#9 Fundi_Daino
Kabla hamjazama, swali la kwanza: hizo hPa 9 zinagharimu nini? Kila kazi ina bei yake.

Kwa flaski ya lita 1: densiti ya hewa kwa 1009.9 ni 1.147 kg kwa mita ya ujazo, kwa 1017.5 ni 1.156. Tofauti hiyo kwenye mizani ni miligramu 8, yaani mL 0.008. Flaski ya daraja A ya lita 1 inaruhusiwa kukosea mL 0.4. Barometa yako ingekuwa mbovu kweli, usingeona kitu. Ila ukisahau kabisa kusahihisha kwamba hewa inabeba maji na kubeba mawe ya mizani, hapo unapoteza gramu 1 nzima kwa lita. Na maji ya nyuzi 30 hutanuka mL 0.3 kwa lita kwa kila nyuzi 1. Kwa hiyo termometa iliyopotoka nyuzi 1 inakula robo tatu ya ruhusa yako, barometa inakula makombo. Kagua termometa.

Kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini, mambo ni mengine. Nguvu iliyopimwa inazidishwa kwa kigezo kinachotegemea presha ya hewa KAVU na joto. Kwa injini ya petroli fomula ya kawaida ni (99/p) kwa kipeo cha 1.2, mara (T/298) kwa kipeo cha 0.6, p ikiwa kilopaskali na T joto kwa kelvini. Neno ni "kavu". Kwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, mvuke peke yake ni hPa 32. 1009.9 inakuwa 978. Kigezo ni 1.025. Ukisahau kutoa mvuke unapata 0.986. Hiyo ni karibu asilimia 4 ya nguvu ya injini imepotea kwenye karatasi. Kosa la barometa la #1 lingeleta kama asilimia 1. Kwa hiyo Mombasa kipima unyevu kibovu ni adui mkubwa kuliko barometa mbovu, na vipima unyevu vya bei nafuu huharibika haraka kwa hewa ya chumvi.

#10 Nahodha_wa_Ngalawa
Kwa bahari hPa 1 ni sentimita 1. Presha ikipanda, bahari yasukumwa chini. Kwa hiyo kosa la hPa 9 ni sm 9 za maji Kilindini. Na ile hPa 3 ya kila siku ya KusiNaKaskazi maana yake saa nne bahari yashuka sm 3 kuliko saa kumi.

#11 Rubani_wa_Karatasi
Sentensi ya kwanza sawa, ya mwisho hapana. Kanuni ya sentimita moja kwa hPa moja ni ya mabadiliko ya polepole, ya siku kadhaa na eneo kubwa, bahari ipate nafasi ya kuhamisha maji na kutulia. Wimbi la hewa la saa 12 lapita mbio kuizunguka dunia nzima, bahari haiwahi kutulia chini yake. Usitoe sm 3 kwa mkono kwenye data ya kipimo cha maji.

#12 Mwalimu_Fizikia_Kisauni
Hongereni kwa uzi. Niongeze kwamba wanafunzi hufundishwa "kanieneo ya hewa", tuitumie.

Hilo wimbi la hewa la saa 12, si mwezi huo unaovuta hewa kama unavyovuta maji? Kujaa na kupwa kwa hewa.

#13 KusiNaKaskazi
Kanieneo, mgandamizo, shinikizo, presha, zote kwangu ni hPa tu mwalimu.

Mwezi hapana. Ungekuwa mwezi, kilele kingechelewa kama dakika 50 kila siku kama maji ya bahari yanavyochelewa. Hiki kimeganda kwenye saa nne mwaka mzima, hivyo bwana wake ni jua. Na si kwa kuvuta: jua lapasha mvuke wa maji huku chini na ozoni kule juu, hewa yote yatikisika. Wimbi la mwezi kwenye hewa lipo, ila ni chini ya hPa 0.1, halionekani mpaka ukusanye data ndefu.

Kwa nini mapigo mawili kwa siku, na jua lapasha mara moja? Kelvin mwaka 1882 alidhani angahewa yaitikia saa 12 kama kengele inavyoitikia nyundo. Wazo hilo liliachwa baadaye. Kupasha kwa mchana peke yake kuna umbo lenye sehemu ya saa 24 na sehemu ya saa 12, na ile ya saa 12 husafiri vizuri zaidi kutoka tabaka la ozoni hadi chini.

#14 Pampu_Mkavu
Nimeingia hapa kwa sababu nina tatizo la kisima, na saa nne na saa kumi zimenigutusha.

Kisima upande wa Nyali, kimechimbwa kwenye matumbawe, bomba la inchi 6, kifuniko cha chuma. Ndani kuna kipimo cha kina cha kuzamisha, kile chenye kebo yenye mrija mwembamba wa kupumulia, kinarekodi kila dakika 15. Rekodi ya siku 6 inaonyesha maji yakipanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa sm 2.8. Vilele viko karibu saa kumi na saa kumi. Wateja wanaambiwa ni bahari. Ni bahari au ni hewa?

#15 Nahodha_wa_Ngalawa
Bahari. Kilindini maji ya bamvua hupita mita 3 baina ya kujaa na kupwa, na matumbawe yana matundu kama sponji. Sm 2.8 ni masalia ya wimbi lililofifia njiani. Na bamvua letu hujaa saa ngapi? Saa kumi, saa kumi na moja! Muulize mvuvi yeyote.

#16 KusiNaKaskazi
Hapo ndipo mtego ulipo. Siku 6 hizo kama zilikuwa za bamvua, bahari hujaa saa kumi na hewa huwa chini saa kumi. Zote mbili zingeinua maji ya kisima saa ileile. Hewa huinua vipi? Kama kisima kimegonga maji yaliyofungiwa chini ya tabaka lisilopitisha, hewa yasukuma uso wa maji ndani ya bomba moja kwa moja, lakini ardhi yabeba sehemu ya mzigo huo kwingine. Hewa ikipungua, maji ndani ya bomba hupanda. Mabadiliko ya hPa 3 ni kama sm 3 za maji, nayo huzaa sehemu tu ya hizo, sm 1 au 2.

#17 Pampu_Mkavu
Zilikuwa za bamvua, ndiyo. Mwezi mpevu ulikuwa katikati ya rekodi.

#18 Bi_Zebaki
Kabla ya kulaumu mwezi au jua, nani amekagua mrija wa kupumulia?

Kile kipimo hupima presha ya maji upande mmoja wa kiwambo na presha ya hewa upande wa pili, hewa ikifika kupitia mrija mwembamba ndani ya kebo. Juu ya kebo kuna kikopo cha silika jeli cha kukausha hewa hiyo. Nchi kavu silika yadumu miezi. Kwa unyevu wa Mombasa yaweza kujaa maji ndani ya wiki chache: ile ya rangi ya chungwa yageuka kijani, ile ya buluu yageuka waridi. Ikishajaa, mvuke waingia mrijani, wagandamana kuwa tone la maji kule chini penye ubaridi, na tone moja latosha kuziba. Kebo ikikunjwa kwa pembe kali mdomoni mwa kisima ni vilevile. Mrija ukiziba, hewa ya nyuma ya kiwambo haibadiliki tena, na kila hPa ya angani yahesabiwa kama sm 1 ya maji. Hapo hPa 2.8 zitakupa sm 2.8 kamili. Namba yako yanitia shaka kwa kuwa nzuri mno.

#19 Rubani_wa_Karatasi
Bi_Zebaki, alama ya kuongeza na kutoa. Mrija ukiziba, kipimo kitasoma maji MENGI hewa ikiwa juu, yaani kilele saa nne. Yeye ana kilele saa kumi. Mrija uliozibwa haumfai.

#20 Bi_Zebaki
Nakubali kuhusu alama. Isipokuwa saa ya kipimo yenyewe. Vipimo vingi hutoka kiwandani na saa ya Z au saa ya kompyuta ya aliyekipanga. Saa nne yetu ni saa 0700 ya Z, nayo huyo anayesoma safu ya kwanza akidhani ni saa ya hapa ataiita saa moja. Haifiki saa kumi, lakini angalau aseme saa imewekwa vipi.

#21 Pampu_Mkavu
Saa ni ya Afrika Mashariki, nimelinganisha na simu. Silika ni... kijani.

#22 Kasha_la_Zana
😂😂 Kijani.

#23 Fundi_Daino
Kuna maelezo ya nne hamtaki kuyataja kwa sababu hayana hesabu: majirani. Watu huteka maji alfajiri kabla ya kazi na jioni wakirudi. Pampu za jirani zikilala mchana na usiku wa manane, maji hurudi. Hiyo nayo ni mara mbili kwa siku. Angalia umbo la mchoro. Bahari na hewa huchora mawimbi laini, pampu huchora meno ya msumeno: kushuka ghafla, kupanda polepole.

#24 Pampu_Mkavu
Ni laini, lakini siku ya tatu ina jino moja.

#25 KusiNaKaskazi
Njia ya kutenganisha ni kurekodi muda mrefu, na barometa yako mwenyewe ikirekodi kando kwa saa ileile. Wimbi kuu la mwezi baharini lina saa 12.42, la jua saa 12.00 kamili. Ili yaachane unahitaji karibu siku 15. Siku 6 hazitenganishi kitu. Kwenye siku 15 tazama kilele: kikihama dakika 50 kila siku, bahari, kikiganda saa kumi, hewa.

#26 Nahodha_wa_Ngalawa
Si lazima. Bahari nayo ina wimbi la jua la saa 12.00, na hapa Kilindini si dogo, ni takriban nusu ya lile la mwezi. Kwa hiyo sehemu iliyoganda saa kumi yaweza bado kuwa bahari. Utabaki palepale na siku zako 15.

#27 KusiNaKaskazi
Hilo ni kweli. Ila uwiano wake wajulikana. Kama kisimani sehemu ya saa 12.00 ni kubwa kuliko nusu ya ile ya saa 12.42, ziada ni ya hewa. Ingawa matumbawe hufifisha kila wimbi kivyake, sitaapa.

#28 Pampu_Mkavu
Nabadilisha silika leo, narekodi siku 30. Swali dogo la pembeni: pampu ya juu ya ardhi ile ile inavuta vizuri Nyali lakini Nairobi inapiga kelele kama imejaa kokoto. Ni hewa hii hii?

#29 Fundi_Daino
Hiyo hiyo. Pampu haivuti maji, hewa ndiyo inayoyasukuma kwenda juu. Mombasa hewa inaweza kusimamisha maji mita 10.4, toa mvuke wa maji ya nyuzi 30 (mita 0.4), zinabaki karibu 9.9. Nairobi presha ni karibu hPa 833, sawa na mita 8.5, toa mvuke, zinabaki 8.3. Sema pampu inadai mita 2.5 mlangoni mwake, msuguano wa bomba 0.5, akiba 0.5. Mombasa unaweza kuinua mita 6.4 kutoka usoni mwa maji, Nairobi 4.8. Ukiiweka kwa mita 6 kama ulivyozoea pwani, kule maji yanachemka baridi ndani ya impela, povu linapasuka, na hizo ndizo kokoto. Impela itatobolewa mashimo madogo madogo kama imeliwa na mchwa.

Na usipime presha ya Nairobi kwa programu ya hali ya hewa. Itakuambia 1015 au zaidi, kwa sababu imeteremshwa hadi baharini. Kosa la #6 lenyewe, ila huko ni la hPa 180.

#30 Gesi_Safi
Nami niingize la mabomba. Wanaojaribu kuvuja kwa gesi kwa presha ndogo, tuseme milibari 100 za geji (milibari 1 ni hPa 1), wakafunga saa nne asubuhi na kurudi saa kumi: geji itakuwa IMEPANDA milibari 3 hata kama hakuna kilichobadilika ndani, kwa sababu geji husoma tofauti na hewa ya nje, na hewa ya nje imeshuka. Bomba likipata joto nyuzi 1 zaongezeka milibari 3.7 nyingine. Kwa hiyo bomba lenye tundu dogo linalopoteza milibari 6 laonekana limeshika barabara, na fundi asaini. Anza saa nne ukamalize saa nne usiku, au chukua presha kamili na joto la bomba lenyewe. Joto la kivuli nje halisaidii.

#31 Mwalimu_Fizikia_Kisauni
Hii nitaipeleka darasani. Hata jaribio la mlima wa Puy de Dôme la Septemba 19, 1648 ni somo hili hili. Périer alipanda na mrija wa zebaki kwa maelekezo ya Pascal, lakini mrija mwingine ulibaki chini kwenye bustani ya watawa ukichungwa siku nzima. Bila huo wa chini, mtu angesema kanieneo ilishuka yenyewe.

#32 Rubani_wa_Karatasi
Ndiyo maana anayepima urefu wa kilima kwa barometa moja hapa pwani, akianza saa nne na kufika saa kumi, ataongeza kilima mita 26 za bure.

#33 Kasha_la_Zana
Tukizungumzia kwenda juu: si Waitaliano walikuwa wakipima presha ya hewa kwa satelaiti kule Ngomeni, Malindi?

#34 KusiNaKaskazi
Si presha. San Marco 2 ilirushwa Aprili 26, 1967 kutoka jukwaa la baharini hapo Ngomeni, na ilibeba mizani maalumu ya kupima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyoikwaruza. Kutokana na mkwaruzo huo walipata densiti. Kule juu barometa haina cha kushika. Turudi chini.

#35 MizaniTudor
Turudi chini kweli. Nimesoma tena saa kumi jioni, simu safari hii nimeilaza kwenye rafu usawa wa birika la zebaki. Chumba nyuzi 31.

Zebaki: 761.2. Joto latoa 3.83, mvutano watoa 2.01. Yabaki 755.36, sawa na hPa 1007.1.
Simu: 1005.8.

Asubuhi pengo lilikuwa 1.3. Jioni ni 1.3. Zote mbili zimeshuka hPa 2.8, KusiNaKaskazi ashangilie.

#36 Rubani_wa_Karatasi
Basi ni simu. Vihisi vya simu hufuata mabadiliko vizuri sana, hata ngazi za ghorofa huziona, lakini namba kamili yaweza kuwa nje kwa hPa 1 au zaidi tangu kiwandani, na husogea kadiri miaka inavyopita. Pengo lisilobadilika ndilo alama yake.

#37 Bi_Zebaki
Pengo lisilobadilika ni alama ya Fortin iliyosogezwa vilevile! Ncha ya pembe ya ndovu ndani ya birika ndiyo sifuri ya kipimo chote. Ikiwa imelegea au kipimo kimefungwa tena vibaya, kila usomaji huhama kwa kiasi kilekile. hPa 1.3 ni mm 1 tu.

MizaniTudor, eleza ulivyosoma. Utaratibu ni huu: termometa ya barometa husomwa KWANZA, kabla mwili wako haujaipasha (nyuzi 1 ni mm 0.12). Gonga mrija kidogo kwa kidole, zebaki iachie kioo. Zungusha skrubu ya chini mpaka ncha ya pembe na kivuli chake ndani ya zebaki vibusiane, bila kuacha mwanga kati na bila kuchimba kishimo. Kisha shusha vania (kile kipimo kidogo cha kuteleza), ukingo wake wa mbele na wa nyuma uwe mstari mmoja, ugusie kilele cha mgongo wa zebaki, karatasi nyeupe ikiwa nyuma. Zebaki ya birika ikiwa na utando wa kijivu, kivuli hakionekani na watu hukisia.

#38 MizaniTudor
Nimefuata, ila termometa niliisoma mwisho. Na utando upo.

#39 Fundi_Daino
Au kuna hewa juu ya mrija?

#40 Bi_Zebaki
Hewa juu ya mrija hushusha zebaki, na mgongo wa zebaki kwenye mrija mwembamba nao hushusha. Vyote vingefanya Fortin isome chini, na yake iko juu ya simu. Kwa hiyo kama kuna hewa, simu ni mbaya zaidi. Anayetaka kujua: pandisha skrubu ya birika mpaka zebaki ikaribie kujaza mrija, inamisha barometa polepole, usikilize zebaki ikigonga kioo. Mlio mkavu kama kokoto kwenye kikombe, ombwe ni zuri. Mlio wa kufifia, kuna hewa. Fanya juu ya sinia lenye kingo. Ikimwagika usifagie wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi, ile huipuliza ikawa mvuke chumba kizima. Na ujue mbadala wa zebaki hauji: Mkataba wa Minamata umesimamisha utengenezaji wa barometa kama hizi tangu 2020.

#41 Gesi_Safi
Feni ya kabati la kemikali ilikuwa yafanya kazi? Chumba kilichofungwa chenye feni ya kutoa hewa hushuka paskali kadhaa.

#42 Rubani_wa_Karatasi
Paskali kadhaa ni sehemu chache za mia za hPa, na ingevishusha vyote viwili pamoja, vimo chumba kimoja.

#43 Gesi_Safi
Asubuhi hakusema simu ilikuwa chumba gani.

#44 MizaniTudor
Asubuhi ilikuwa koridoni. Feni ilikuwa inazunguka, jioni ilizimwa.

Nimeazima simu ya pili, nimeilaza karibu na ya kwanza. Yasoma 1007.9.

#45 Kasha_la_Zana
Sasa ni 1005.8, 1007.1 na 1007.9. Nami bado nina 760 yangu.

#46 Pampu_Mkavu
MizaniTudor, ukimaliza kubishana na simu, naomba usomaji wa Fortin kila saa nne na kila saa kumi kwa siku 30, nilinganishe na kisima. Hata ukiwa umekosea mm 1 kila mara, kwangu haidhuru, nahitaji mabadiliko tu.

#47 MizaniTudor
Sawa. Ya alfajiri atasoma nani?